Mama Aliyefika Kitabuni

Ndugu zangu, palikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke, aliyekuwa akiandika kitabu cha hadithi kwa watoto. Kilihusu Wayahudi waliokimbia kuuawa Ulaya, wakapata hifadhi kwenye mashamba ya nyanda za juu hapa Kenya. Hakutaka kubahatisha, maana mtoto ukimdanganya leo, kesho atakuumbua. Akamtafuta bibi mmoja Myahudi wa miaka tisini, aliyeletwa huku na baba yake akiwa na miaka saba. Mama yake alibaki nyuma Ulaya akingoja kibali cha kuingia Kenya.

Akamsomea kitabu sura kwa sura. Bibi huyo alikuwa mkali, msiseme! Mwalimu alikuwa ameandika kwamba mishumaa ya Sabato iliwashwa Jumamosi asubuhi. Bibi akamcheka, akamwambia hao ni Wasabato wa kijijini kwa mwalimu. Kwao Wayahudi waliwasha Ijumaa, kabla jua halijazama. Baba yake aliwasha mwenyewe, akijiunguza vidole, kwa kuwa hakuizoea; hiyo ilikuwa kazi ya mama.

Wakafika sura ya mwisho. Humo, mama aliyekuwa amebaki Ulaya anashuka kwenye garimoshi, anamkumbatia binti yake.

"Nisomee tena," bibi akasema.

Mwalimu akasoma. Bibi akaomba tena. Mara ya tatu wote wawili walikuwa wanalia. Miaka themanini na mitatu, jamani, na bado alimtamani mama yake!

Kisha akasema, "Sasa ifute."

Mwalimu akajitetea kwamba watoto hawapendi kitabu kinachoisha kwa huzuni.

"Mwanangu, hata mimi nataka afike. Lakini ukimfikisha, watoto watadhani kibali kilitoka. Hakikutoka. Kuna mtu aliyeketi ofisini akasema nafasi zimejaa."

Mnadhani mtu huyo alikuwa zimwi? Huenda aliimba kwaya. Huenda jioni hiyo aliwabusu wanawe, akala akashiba.

Sisi tunapenda hadithi za wakimbizi zinazoisha vizuri. Tunajifuta machozi, tunakwenda zetu. Juzi mama mmoja aliyekimbia vita aliomba alaze watoto wake katika ukumbi wetu huu. Tulimjibu nini? Tulimwambia tutakaa kikao. Mimi mchungaji wenu ndiye wa kukiitisha, na sijakiitisha. Sijui wamelala wapi. Tukitoka hapa twendeni tukawatafute, kwa maana watoto wale watakua, na watasimulia habari zetu.