Pimbi na Jiko Lililonguruma

Hapo zamani za kale, mwaka ambao mvua iligoma kabisa, wanyama wa bondeni walihama wakapiga kambi juu ya kilima cha mawe. Wakajenga vibanda, wakatundika vikombe vyao kwenye vijiti, wakaishi kama watu.

Shida ilikuwa maji. Kilimani kulikuwa na dimbwi moja tu, maji yake ya kijani na yananuka. Aliyeyanywa mabichi, tumbo lilimkata mpaka akalala chini. Wiki ile walikwisha kumzika mtoto wa Ngiri. Kwa hiyo maji yote yalichemshwa kwanza, na kwa kuwa kuni hazikuwapo, yalichemshwa kwa jiko moja tu: jiko la shaba la kupampu, la mafuta ya taa, aliloliokota Nyati kwenye njia ya wasafiri.

Nyati mwenye jiko alikunywa kwanza. Kiboko mwenye sufuria akafuata. Wakishashiba wakanawa nyuso, wakasukutua, pruuu! Kisha wengine kwa ukubwa wa mwili. Zamu ya Pimbi ilipofika, sufuriani mlikuwa na tope na nzi wawili.

Sasa Pimbi alikuwa na mwanawe, Chepe. Siku ya pili hiyo tumbo lilikuwa likimwendesha, midomo imekauka kama ganda. Asubuhi na mapema Pimbi akaenda jikoni.

"Shikamoo, mjomba Nyati."

"Marahaba. Unataka nini, kipande cha mnyama?"

"Kikombe kimoja cha mwanzo, mjomba. Mtoto ananiishia mikononi."

"Foleni huioni? Rudi nyuma!"

Kiboko akacheka mpaka mashavu yakatikisika. "Huyo mtoto mwenyewe ana ukubwa gani? Mrambishe umande, atashiba!"

Kabla hajamaliza kucheka, jiko likafanya pff... pff... kwi! Likazima.

Nyati akapampu. Chwa! Chwa! Chwa! Hola. Kiboko akalipuliza kwa nguvu, sufuria ikapinduka, maji mwaa!

"Lete mwiba tulichokonoe," akasema Kiboko.

Pimbi akakitazama kichwa cha jiko. Ugonjwa wa jiko lile aliujua: masizi yameziba tundu la kichwani, tundu dogo kuliko jicho la mbu. Mwiba ungekatikia humo, na maji ya kuchemsha yangekuwa yamekwisha kwa kambi nzima. Hata dawa yake aliijua, maana juzi lilipozima vivyo hivyo ni yeye aliyelizibua. Akaambiwa nini? Asante, rudi nyuma.

Akajikunyata kwenye jiwe, akawaza. Nikikataa kulitengeneza, tutakufa wote. Nikilitengeneza, Chepe atangoja mpaka jioni. Na Chepe jioni hana.

Akaruka juu. "Aaa! Msiliguse! Mjomba, umelijaza upepo mpaka kooni! Hilo sasa si jiko, ni bomu!"

Nyati akarudi nyuma hatua tatu. "Bomu?"

"Na likipasuka linatafuta nyama nene kwanza. Nendeni nyuma ya lile jabali, mlale kifudifudi. Mkisikia linanguruma vuuuu, msiinue hata sikio, hapo ndipo linataka kupasuka. Likinyamaza, limepona, njooni."

"Na wewe je?"

"Mimi nina nyama gani, mjomba? Litanipita bila kuniona."

"Kumbe ufupi nao una faida!" akasema Kiboko, naye tayari yuko mbioni, gudu gudu gudu!

Pimbi akalegeza skrubu ya hewa, fssss! Upepo ukatoka. Akajing'oa sharubu moja, ngumu kama waya. "Aii!" Akaichomeka tunduni, juu, chini, juu, chini, mpaka kipunje cheusi kikadondoka. Akamimina spiriti kidogo ya kuwashia, akawasha, akasubiri kichwa cha jiko kipate moto. Halafu akapampu polepole, mara tatu tu.

Vuuuuuu! Moto wa buluu.

Nyuma ya jabali kukasikika: "Limeanza! Lala!"

"Nimelala!"

"Lala zaidi!"

"Nyati, hiyo ni miiba!"

"Miiba na bomu, chagua!"

Akajaza tena sufuria maji ya dimbwini, akaibandika, yakachemka. Pimbi akayapoza kwa kuyamimina kikombe hiki na kile, akamleta Chepe kutoka kibandani, akamnywesha. Kikombe cha kwanza mtoto akakitapika. Cha pili kikatulia. Pimbi akatazama koo lile dogo likipanda na kushuka, wala hakucheka, ingawa sauti za nyuma ya jabali zilichekesha.

Kisha akawaita wadogo wote: watoto wa Ngiri waliobaki, Digidigi, hata Ndama wa Nyati, maana kwa kipimo cha baba yake naye alikuwa wa nyuma. Sufuria tatu zikaisha huku jiko likinguruma. Pimbi akalizima. Kimya.

Wakubwa wakaja, vifua vimejaa miiba. "Limepona?"

Ndama akajifuta mdomo. "Limepona zamani, baba! Likinguruma ndipo linachemsha! Nimekunywa vikombe viwili!"

Kiboko akamsogelea Pimbi.

"Nimkanyage?" akauliza Kiboko.

Nyati aliinua kwato juu ya kichwa cha Pimbi. "Ulitudanganya."

"Niliwadanganya, mjomba." Akaitazama ile kwato. "Juzi nilikuja na kweli, ukanirudisha nyuma. Leo ningekuja na kweli, saa hizi ningekuwa nachimba kaburi."

Nyati akamgeukia mwanawe, ambaye pua yake ingali imelowa maji. "Wewe jana ulikunywa nini?"

"Zamu yangu ilipofika maji yalikuwa yamekwisha, baba. Nilikunywa ya dimbwini."

Kwato ikashuka taratibu, ikatua pembeni.

"Kiboko," akasema Nyati, "jaza sufuria."

"Ya kwetu?"

"Ya wadogo. Sisi tutangoja."

Basi, wanangu, shikeni hili: mkubwa akimfungia mdogo mlango wa kweli, amemfungulia wa uongo.