Neno la Siri la Mama Tunzo

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana waifai ilikuwa imeshafika mwituni, aliishi Kindi mmoja katika nyumba ya udongo yenye vyumba viwili. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Tunzo, na kwa hiyo hakuna aliyemwita Kindi. Mtaa mzima ulimwita Mama Tunzo, kama mnavyowaita mama wa rafiki zenu.

Kindi alilipia mtandao kwa sababu alitafuta kazi. Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, angehojiwa kwa video na Bi Korongo, mkuu wa ghala la mbegu. Nafasi ilikuwa moja, walioomba kumi na wanane. Bi Korongo alishaandika: picha ya mtu ikikwama, tunamwita anayefuata.

Na picha ilikuwa inakwama. Siku mbili kabla ya mahojiano Kindi alimpigia dada yake, na uso wa dada ukaganda mdomo wazi kwa dakika nne.

Sababu ilikaa nyuma ya ukuta wa jikoni. Kiboko alikuwa pale tangu alfajiri, akitazama ngoma kwenye simu, dum-tiki-dum. Pembeni yake Nyati alitazama mpira, akipiga kwato kila goli, pu! Wote wawili kwa mtandao wa Kindi.

"Wamelipataje neno la siri?" Kindi alijiuliza asubuhi ya Alhamisi, saa tatu na nusu, chai ikimpoa mkononi. Hakuliandika popote. Hakumwambia mtu. Alilichagua mwenyewe, rahisi ili asilisahau: tunzo.

Bata akapita na kapu lake. "Mama Tunzo, umeamkaje?"

"Salama, jirani, za kwa..." Kindi akaweka kikombe chini polepole. "Jamani. Kila asubuhi wananisalimu kwa ufunguo wa nyumba yangu."

Akakimbilia ruta, kile kisanduku cha kugawa mtandao, simu mkononi. Safari hii alichukua maneno manne yasiyojuana: ungo, jivu, tisa, mkeka. Akayaunga yote kwa herufi ndogo, bila nafasi katikati. Akahakiki mara mbili, halafu ya tatu. Taa ya ruta ikazima, ikawaka.

Nje ngoma ikasema dum-tiki, kisha kimya.

"Mama Tunzo," sauti nzito ya Kiboko ilipenya dirishani, "kuna tatizo la kiufundi hapa."

"Hakuna tatizo, mzee. Nimebadilisha neno la siri."

"Bila kutushirikisha?" Nyati aliuliza. "Sisi watumiaji wa siku nyingi?"

"Nina mahojiano saa nne. Naombeni leo tu."

Kiboko hakubishana. Aligeuka, akaegemeza mgongo ukutani taratibu, kama anayejikuna. Kra. Udongo ukamwagika ndani ya sufuria. "Mimi nina muda," alisema. "Ukuta wako je?"

Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Moyo wa Kindi ulidunda ti-ti-ti. Angetoa neno, picha ingekwama. Angekataa, angehojiwa bila ukuta.

"Sawa, wakubwa zangu, nitawapa," alisema. "Ila mmoja mmoja. Hii ni siri."

Alimwita Kiboko dirishani kwanza, akamnong'oneza: "Ungojivu. Hiyo ni nusu ya mwanzo. Nyati nampa nusu ya mwisho. Akikutajia yake, mtandao wote ni wako peke yako. Ukimtajia yako, wote ni wake."

Kisha akamwita Nyati. "Tisamkeka. Nusu ya mwisho." Na akamwambia yale yale.

Wazee wawili wakarudi kukaa. Kila mmoja akamtazama mwenzake kwa upendo mwingi.

"Ndugu yangu," alianza Kiboko, "taja yako, niandike, halafu nikutajie."

"Wewe ndiye mkubwa. Tangulia."

"Mkubwa hutanguliwa na mdogo."

"Tangu lini? Kwenye chakula mbona unatangulia wewe?"

Kiboko alisahau kabisa kuegemea ukuta.

Saa nne kamili simu ya Kindi ikaita. Uso wa Bi Korongo ukatokea, safi mpaka kwenye manyoya ya utosini.

"Nakuona vizuri," alisema Bi Korongo. "Lakini huko nje kuna nini?"

"Majirani, mama. Wanapishana kwa adabu."

"Tuseme kwa pamoja!" Nyati alikuwa anapendekeza nje. "Nikihesabu tatu. Moja, mbili, tatu!"

Kimya. Kila mmoja alikuwa ametega sikio.

"Hukusema!"

"Na wewe je?"

Bi Korongo alikohoa. "Swali la mwisho. Tukikukabidhi ghala lenye mbegu za msimu mzima, funguo utazitunzaje?"

Kindi alitazama sufuria yenye udongo. "Nitaanza kwa kutozipa jina la mwanangu," alisema, akasimulia kisa chote, tangu salamu ya Bata hadi zile nusu mbili.

Bi Korongo alicheka mpaka picha ikatikisika, lakini haikukwama. "Jumatatu saa moja," alisema. "Usichelewe."

Nje, kufikia adhuhuri, wazee walikuwa wamenuniana, wakaondoka kila mmoja na nusu yake. Kindi akabadilisha neno tena siku hiyo hiyo, maana neno lililokwisha kutoka nje ya nyumba, hata vipande, si la siri tena. Jipya ni lipi? Hata mimi ninayewasimulia hakuniambia.

Kesho yake Bata akapita na kapu. "Mama Tunzo, umeamkaje?"

"Salama kabisa," Kindi alijibu. "Niite tena, jirani, hilo jina nimelipenda."

Basi wanangu, msifunge mlango wenu kwa neno ambalo mtaa mzima unawaita kila asubuhi.