Fisi na Ratiba ya Mechi za Nyumbani

Anayetaka kusikia asogee, anayetaka kusinzia akasinzie mbali, maana mimi nikianza sirudii.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka mito yote ikabaki mchanga mtupu. Nyika nzima ilikuwa na kisima kimoja tu, na hapo kisimani hapakuwa na amani. Tembo akiinamisha mkonga, Ngiri anamkanyaga mguu. Nyani akijaza kibuyu, Pundamilia anampiga teke. Kila jioni wanyama walirudi makwao na manundu badala ya maji.

Simba akawaita wote. Simba mnamjua, hata akipiga chafya anataka apigiwe makofi.

"Nimechoka na kelele zenu," akasema. "Vyuo vyenu vyote vina timu za mpira wa kikapu. Basi chezeni ligi. Anayeongoza achote maji wa kwanza, wa pili amfuate, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Na kanuni nimekwisha kuziandika kwenye gome la mti, kwa ukucha wangu mwenyewe. Hazina kosa hata moja, kwa sababu nimeziandika mimi."

Wakapiga makofi. Ndivyo ulivyoanza Umoja wa Vyuo vya Nyika, wenye timu sita: ya Tembo, ya Ngiri, ya Pundamilia, ya Nyani, ya Sungura na ya Fisi.

Kanuni zenyewe hazikuwa mbaya, tuseme kweli. Kila timu icheze na mwenzake mara mbili, mara moja nyumbani, mara moja ugenini. Mgeni apewe upande wenye kivuli. Mashabiki wasipige ngoma mchezaji anapotupa mtupo huru. Nyani wasining'inie kwenye pete, na hapo walitajwa kwa jina kabisa. Mwamuzi asitukanwe, wala asing'atwe. Halafu ikaja kanuni ya saba: siku ya mechi, mwenyeji amlishe mgeni mpaka ashibe kabla mpira haujarushwa. Asiyemlisha mgeni anafutwa kwenye ligi, na aliyefutwa hana zamu kisimani.

Uamuzi wakampa Kobe, kwa kuwa hakuna awezaye kumharakisha. Ikabaki kazi ya katibu wa ratiba. Kazi haina posho, haina kiti, na kila mtu anakulaumu. Wote wakaangalia chini.

"Mimi nitaifanya," akasema Fisi, kocha wa Chuo cha Mifupa. "Kwa kujitolea tu, ndugu zangu. Kwa mapenzi ya mchezo."

Wakamshangilia. Loo, wajinga hawa! Fisi alipata lini kupenda kitu kisicholika?

Ratiba ilipobandikwa, kila timu ililalamika kwamba imepangiwa ugenini mno, isipokuwa timu ya Fisi. Timu ya Fisi ilianza ugenini kwa Tembo. Wiki iliyofuata, ugenini kwa Ngiri. Iliyofuata, ugenini kwa Pundamilia. Na hakulalamika hata siku moja.

Kanuni iliruhusu wachezaji kumi na wawili, lakini juu ya wachezaji wa akiba haikusema kitu. Fisi akafika kwa Tembo na kundi la arobaini.

"Hawa wote ni wachezaji?" akauliza Tembo.

"Kumi na wawili ni wachezaji. Waliobaki ni akiba."

"Na yule bibi kizee asiye na meno?"

"Bibi Zumbe? Huyo ni wa akiba ya akiba. Anywe uji tu, usimhangaikie."

Bibi Zumbe akanywa sufuria tatu za uji, akakomba masufuria. Wenzake wakafagia mihogo, maharage, viazi na maji ya mitungini, na kilichobaki wakakitia magunia, eti ni chakula cha majeruhi. Mechi ilipoanza walikuwa wameshiba hata kukimbia hawawezi. Mmoja alilala chini ya pete, mpira ukamdundia tumboni. Wakafungwa vikapu thelathini kwa viwili.

"Poleni kwa kufungwa," akasema Tembo.

"Ahsante," akajibu Fisi, huku akichokoa meno kwa kijiti. "Tutajitahidi mara nyingine."

Zamu yake kisimani ikawa ya mwisho, lakini shida iko wapi? Maji alikuwa anayanywa huko huko ugenini.

Na mechi za nyumbani? Kila ilipokaribia moja, katibu wa ratiba alibandika tangazo. Mara pete ya Chuo cha Mifupa imepinda. Mara mpira umepasuka. Siku moja akaandika kwamba uwanja umejaa maji.

"Maji?" akauliza Pundamilia. "Ukame huu, maji yametoka wapi?"

"Yalikuwepo," akasema Fisi. "Tumeyanywa. Sasa limebaki tope."

Pundamilia akaona jibu limekaa sawa, akaenda zake. Nilishasema kuhusu ujinga wao, sitaki kurudia.

Alipomaliza kuzunguka vyuo vyote, Fisi akaanza upya. Akatangaza kwamba mechi kadhaa lazima zirudiwe, huko huko zilikochezwa, kwa sababu mwamuzi alipuliza filimbi akiwa ameegemea upande mmoja. Kwa Sungura akaja mara ya pili. Wiki haijapita, tangazo likabandikwa: Chuo cha Mifupa kitakwenda kwa Sungura mara ya tatu, Ijumaa.

Sungura alikuwa kocha wa timu yake, mdogo wa mwili, mrefu wa akili. Siku hiyo alikuta mpishi wa chuo, Bi Tunu, amekalia debe moja la mtama, kalikumbatia kwa miguu yote minne.

"Jikoni kuna nini?" akauliza Sungura.

"Kuna mimi na majivu. Fisi na bibi yake wamemaliza vyote."

"Na hilo debe?"

"Hii ni mbegu, Mwalimu. Tukiipika, mvua ikinyesha utapanda nini? Masikio yako?"

Sungura akakaa chini. Wasipopika, wanafutwa kwenye ligi, na watoto wao hawatapata hata tone la maji. Wakipika, hawatakuwa na mavuno mwakani wala mwaka utakaofuata.

"Usiipike," akasema mwishowe. "Na usiinuke hapo mpaka nirudi."

Jumatano palikuwa na kikao cha Umoja, uwanjani kwa Simba. Fisi alikuwa hajafika bado, na Nyani alikuja na gongo.

"Tumtandike," akasema Nyani. "Tumtandike mpaka ratiba imtoke."

"Ukimtandika, Simba atakufukuza kwa utovu wa nidhamu," akasema Sungura. "Mimi nataka tumsifu."

"Tumsifu? Umelogwa?"

"Nyinyi mniitikie tu. Na Jumamosi muende kwake mkiwa na njaa."

Fisi alipofika, Simba akafungua kikao. Sungura akasimama, akajikohoza.

"Mheshimiwa Simba, naomba tumpongeze katibu wetu. Ni nani mwingine hapa amekubali kusafiri kila wiki bila kunung'unika?"

"Hakuna!" wakaitikia wote, Nyani akiitikia kwa kusaga meno.

"Pete yake imepinda, mpira umepasuka, uwanja umejaa tope, na bado anahangaika ugenini. Mimi naona aibu. Naomba mechi zake zote tano za nyumbani zichezwe siku moja, Jumamosi hii, kwake, zifanywe tamasha. Mechi nyingine zote zisubiri. Na Mheshimiwa awe mgeni rasmi."

Simba akanyoosha manyoya ya shingo. "Mgeni rasmi? Nitakaa mbele?"

"Mbele kabisa, Mheshimiwa. Peke yako."

"Wazo zuri sana," akasema Simba. "Hata mimi nilikuwa nalo."

Fisi akainua mkono. "Ndugu zangu, nashukuru, lakini lile tope..."

Sungura akamsogelea, akamnong'oneza sikioni. "Hebu fikiri, Bwana Fisi. Siku kubwa namna hiyo, timu tano zinakuja kukupongeza, na Simba anaangalia. Nani atakuja mikono mitupu?"

Fisi akafumba macho. Kichwani mwake akamwona Tembo akija na mikungu ya ndizi. Akamwona Ngiri akisukuma viazi. Mate yakamdondoka mpaka kwenye gome la kanuni.

"Limekauka," akasema.

"Nini?"

"Tope. Limekauka leo asubuhi." Akatwaa kalamu, akaiandika Jumamosi kwenye ratiba kwa mkono wake mwenyewe, na Simba akaweka alama ya ukucha.

Sasa sikilizeni kosa ambalo angeweza kulifanya Fisi peke yake. Mwenyeji yeyote mwingine angerudi nyumbani akawashe moto na kupika. Fisi alirudi nyumbani akaamuru ukoo mzima ufunge kula siku mbili, ili matumbo yapate nafasi.

Jumamosi asubuhi wageni walipofika walikuta mafisi arobaini wamejipanga mstari, wamekonda mbavu, kila mmoja ameshika gunia tupu. Mafiga yalikuwa baridi. Tembo alikuja na timu, akiba, akiba ya akiba, na bibi zake sita. Ngiri alileta ukoo wake wote. Simba alikuja na mashemeji.

Fisi akachungulia nyuma yao, kulia na kushoto. "Mizigo iko wapi?"

"Mizigo gani?" akauliza Tembo.

"Zawadi! Sungura, si ulisema hakuna atakayekuja mikono mitupu?"

"Mimi sikusema," akasema Sungura. "Mimi niliuliza. Jibu ulijipa mwenyewe."

"Haya, haya, tuanze mechi basi! Kobe, rusha mpira!"

Kobe akaukalia mpira. Akatoa gome la kanuni, akasoma polepole kama anayepanda mlima. "Kanuni... ya... saba. Mwenyeji... amlishe... mgeni... mpaka... ashibe."

"Tunaijua!" akafoka Fisi. "Lakini haikukusudia timu tano kwa siku moja! Kanuni hiyo ina kosa!"

Simba akainuka taratibu kwenye kiti chake cha mbele.

"Kosa?" akasema. "Kwenye maandishi yangu?"

"Hapana, Mheshimiwa! Kosa ni la macho yangu! Nilitaka kusema tu kwamba chakula hatuna, hata punje. Angalia mbavu zetu. Ukame huu, Mheshimiwa, maskini sisi..."

Akaanza kulia, na kusema kweli alilia vizuri. Tembo mmoja akatoa machozi. Lakini Ngiri hakuwa akisikiliza. Ngiri akisimama mahali, pua yake haitulii. Alinusa chini ya benchi, akanusa nyuma ya nguzo ya pete, akaanza kufukua. Udongo ukaruka. Likatokea gunia la mihogo, likafuata la maharage, la viazi, la mahindi, mpaka shimo likawa kubwa hata Tembo angelala humo.

"Ala!" akasema Pundamilia. "Gunia hili ni letu! Hata kiraka changu hiki hapa!"

"Rudisheni!" akapiga kelele Bibi Zumbe. "Hicho ni chakula changu cha uzeeni!"

"Bibi," akasema Nyani, "uzee unaoungoja ni upi tena?"

Simba akamtazama Fisi. "Utapika, au nikufute?"

Fisi akapika. Alipika asubuhi yote, moshi ukimwingia machoni, na mafisi arobaini wakabeba sahani wakiwa na njaa ya siku mbili, bila ruhusa ya kulamba hata mwiko. Kila alipouliza kama yatosha, Kobe alizunguka kuwatazama wageni mmoja mmoja, akarudi.

"Tembo... bado," alisema.

Mpaka jua linapinda, shimo lilikuwa tupu. Ndipo mpira ukarushwa. Mechi tano, moja baada ya nyingine, na Chuo cha Mifupa kikafungwa zote. Katika mechi ya tatu Fisi mwenyewe aliingia uwanjani, akaona kitu cha duara kinamjia, akakiuma. Mpira ukapasuka. Kobe akapuliza filimbi, akatafuta kanuni inayokataza kuuma mpira, asiione. Simba akaiandika papo hapo, akajipigia makofi.

Baada ya mechi Kobe alisoma matokeo, na kwa kauli moja Umoja ukamvua Fisi ukatibu. Ratiba akapewa Kobe. Jambo la kwanza alilofanya ni kufuta mechi zote za marudio, ile ya Ijumaa kwa Sungura iliyosubirishwa ikiwa ya kwanza, maana kanuni ilisema mara mbili, na mara mbili si mara tatu.

Sungura alirudi nyumbani mbio. Bi Tunu alikuwa bado amekalia debe.

"Nipike?" akauliza.

"Usipike. Inuka."

Bi Tunu alipoinuka miguu ilikuwa imekufa ganzi, akaangukia debe, akalia machozi ya furaha juu ya mtama wake. Mwezi uliofuata mvua ikanyesha, wakaupanda wote.

Tangu hapo, nyikani kwetu, ukimwambia mwenzako utakuja kula kwake, anakuuliza kwanza siku atakayokula kwako, na asipopata jibu hafungui mlango. Ndilo funzo lenyewe, wala sina lingine.

Mtama ulipoiva, Fisi alipita kando ya shamba la Chuo cha Sungura. Akasimama, akavuta hewa, mate yakaanza kumtoka. Bi Tunu alikuwa akivuna.

"Shikamoo, Bi Tunu," akasema Fisi kwa adabu ambayo hajawahi kuwa nayo. "Timu zetu zina mechi lini?"

"Marahaba. Jumamosi," akajibu Bi Tunu bila kugeuka. "Kwenu."