Basi ya Shemdoe na Koo la Mwatumu

Hapo zamani, tena si zamani ya mababu zenu, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na mwimbaji wa taarabu, Mwatumu. Akiimba, hata waliofuata pilau waliacha sahani. Uvimbe ukamwota kooni. Hospitali wakamwambia atapigwa mionzi: ikipungua, uvimbe utabaki, ikizidi, sauti itaungua.

Mwatumu akaapa: atakayeiokoa sauti yake, atamtaja katika wimbo wake wa kwanza. Jina moja tu. Wimbo si mwaliko wa harusi.

Siku ya kupigwa mionzi, nesi Sikudhani akambandika shingoni kidude kama punje ya mchele, cha kupima mionzi papo hapo inapoingia. Lubuva, mwendesha mashine, akanung'unika kwamba kinachelewesha foleni. Sikudhani akakibandika vilevile. Wakatoka, mlango mzito ukafungwa, mashine ikanguruma. Mto uliomshikilia Mwatumu shingo ukateleza, koo likasogea penye mionzi mikali, asijue.

Nje, Shemdoe, msoma kipimo, akaona namba za kidude zinapanda kupita zilivyopangwa. Akasema, "Basi."

Haya, nyie mliosoma hadi mkaota kipara: basi ipi hiyo? Lubuva alidhani mwenzake anaanza kusimulia habari. Kidole juu ya kitufe, akangoja habari yenyewe. "Basi nini, kaka?"

Kumbe Lubuva alisahau kuzima kipaza sauti cha kusemea na mgonjwa. Mwatumu kule ndani akasikia "basi", akadhani yamekwisha, akainuka ajifunge kanga. Lubuva akamwona kwenye skrini, akashtuka, akabonyeza. Mashine kimya.

Sauti ikapona. Ugomvi ukazaliwa.

"Bila kidude changu angesoma nini, ukuta?" akasema Sikudhani.

"Kidude kina mdomo?" akajibu Shemdoe. "Aliyesema basi ni mimi."

"Ulisema ukanyamaza kama umemeza mwiba," Lubuva akamkata. "Kilichozima mashine ni kidole hiki."

Mama yake Mwatumu akacheka. "Kidole kilichongoja mgonjwa ainuke? Mwanangu, jitaje mwenyewe."

Mwatumu kichwa kikamzunguka. Aliyeonya hakueleweka. Aliyezima hakuelewa. Na yeye aliyeinuka, aliinuka kwa kukosea.

Sasa ni harusini kwa watu, wimbo wa kwanza tangu Mwatumu apone. Fidla imeshalia, watatu wale wamekaa mbele, wamenukia udi, kila mmoja anatabasamu kama bwana harusi. Ubeti umefika penye jina. Mwatumu amefumbua mdomo, na kila akimtazama mmoja anamwona mwenzake.

Haya, wajuaji, fidla haingoji: amtaje nani?