Fimbo ya Seremala wa Hida

Paukwa! Itikieni vizuri, moto huu tumeuwasha wote. Paukwa!

Pakawa!

Kabla sijaendelea, Mungu anisamehe. Safari iliyopita niliwaambia kwamba Ushikai alitoka pangoni kwa hiari yake. Nilidanganya. Nilimpamba kwa kuwa nafanana naye. Leo naisema kama nilivyoipokea.

Zamani sana, huko Japani, palikuwa na jimbo liitwalo Hida. Milima mbele, milima nyuma, theluji mpaka kwenye mapaa. Mvua ikinyesha juu ya mlima Kurai, maji ya upande huu yalikwenda bahari ya kaskazini, ya upande ule bahari ya kusini. Lakini mpunga ulikuwa haba. Wakubwa walipotaka kodi, Hida walikuwa na nini? Miti, na mikono inayoijua miti. Basi kodi yao ikawa watu: kila kijiji kilitoa maseremala wakajenge mahekalu katika mji mkuu. Seremala akitoroka, nduguye alichukuliwa badala yake.

Ushikai, mmoja wa maseremala hao, alitoroka mji mkuu. Alichoshwa na njaa na matusi, akanyakua fimbo iliyoegemezwa ukutani, akapanda milima akijikongoja nayo mpaka mtoni kwao.

"Mzee Mto, nifiche!"

"Umeshika nini?"

"Fimbo ya kutembelea tu."

"Fimbo ya kutembelea ina alama?"

Ushikai akaitazama vizuri. Ilikuwa fimbo ya vipimo! Urefu wa kila nguzo, upana wa kila mlango wa hekalu, vyote vilichongwa pale, na nyingine haikuwapo. Bila hiyo wenzake wasingeweza kukata hata ubao, na wangepigwa. Akaificha mgongoni, akaenda zake.

Akafika kwenye mti mkubwa. "Mama Mti, nifiche!"

"Umeshika nini?"

"Fimbo ya kutembelea tu."

"Huyo mtoto wa dada yangu unamwita fimbo ya kutembelea? Pita!"

Akafika pangoni kwa Dubu. "Bwana Dubu, nifiche!"

"Umeshika nini?"

"Fimbo ya kutembelea tu."

"Haya, ingia. Ila nakoroma."

Pango lilitazama nyumba ya mama yake, Toyome. Askari wakaja.

"Ushikai yuko wapi?"

"Mnaniuliza mimi? Si mlimchukua wenyewe!"

"Basi tunamchukua mdogo wake."

Kuromaro, mdogo mtu, akalia. "Wazee wangu, mimi nalima uwele. Hata patasi sijui kuishika!"

Dubu akasema, "Ndugu yako huyo. Toka." Ushikai hakutoka.

"Mama yako anagaagaa chini. Toka." Hakutoka.

"Wanamfunga kamba. Toka." Hakutoka.

Wakapita naye chini ya pango. Kuromaro akainua macho, akaona ncha ya fimbo, akaona na uso wa kaka yake. Akainamisha kichwa. Hakuwaonyesha askari.

Dubu akasimama. "Nimelala na popo, nimelala na nyoka. Na wewe siwezi!" Akamsukuma kwa miguu yote miwili, Ushikai akabingirika hadi njiani, fimbo mkononi.

Ndivyo alivyotoka, jamani. Hakutoka, alitolewa.

Akakimbia, akawafikia juu ya Kurai, pale maji yanapoachana.

"Mfungueni! Mimi ndiye Ushikai. Na hii si fimbo ya kutembelea."

Kamba ikahamia mikononi mwake. Kuromaro akamfuta matope usoni.

"Kaka, nilikuona."

"Najua. Nami niliona umeniona."

Mmoja akateremka upande wa nyumbani, mwingine upande wa kusini, kurudi mji mkuu. Hekalu likasimama. Kila aliyemsifu kwa kurudi, Ushikai alimjibu, "Msifuni dubu."

Ngano yangu inakomea hapo. Nanyi nawaomba jambo moja: siku mkiniona nimejificha na mwenzangu anafungwa kwa ajili yangu, msinistiri. Nisukumeni nitoke.