Binti Aliyetakiwa Kuridhika

Wapendwa, chuo ninachotaka kuwasimulia hakipo. Msitoke hapa mkaanza kunong'onezana kwamba mchungaji alikuwa anakisema kile cha kule bondeni. Nimekitunga mwenyewe jana mezani kwangu, mpaka chai ikanipoa. Ila nikimaliza, kila mtu ajiulize kama hakuna anayemfahamu humo ndani.

Basi, kilikuwa chuo cha ukunga. Vijana wanaingia wakiwa hawajui hata kupima presha, wanatoka na sare nyeupe, wanapelekwa kwenye zahanati za vijijini kuwazalisha wake zetu na binti zetu. Chuo hicho kilikuwa na makamu wa mkuu wa chuo, mtu mzima, mtu wa kanisa, hana kashfa, hana deni la mtu. Huyo ndiye nitakayemfuata leo. Wote walimwita Makamu, na sisi tumwite hivyohivyo.

Makamu alikipenda chuo kile. Alikikuta kina jengo moja linalovuja, akakihangaikia mpaka kikasimama. Na mtu akikipenda kitu kwa namna ile, hupenda kusikia kinasifiwa. Ndiyo maana kati ya kazi zake zote hakuna iliyomfurahisha kama kupima kuridhika kwa wanafunzi. Kila mwisho wa muhula mwanafunzi anaulizwa kwenye kompyuta: umeridhika na bweni? Na chakula je? Maktaba? Walimu wako? Mafunzo kwa vitendo? Unachagua mwenyewe, kuanzia "sijaridhika kabisa" mpaka "nimeridhika sana". Na juu kabisa imeandikwa kwa herufi nene kwamba majibu yako ni siri.

Jambo jema, au siyo? Kumuuliza mtu maisha yake anayaonaje ni kumheshimu. Lakini sikieni utaratibu wao. Matokeo ya mtihani hayafunguki mpaka umejaza. Mtoto wa watu roho iko mkononi, anataka kujua amefaulu au amefeli, na katikati hapo umemrundikia maswali. Ninyi mngefanyaje? Mngekaa mkatafakari habari za maktaba? Walibonyeza "nimeridhika sana" kutoka juu mpaka chini, wakaona matokeo yao, wakaenda zao. Kitanda kimoja wanalala wawili, nimeridhika sana. Maharage yana wadudu, nimeridhika sana. Mwalimu hajakanyaga darasani muhula mzima, anatuma notsi kwenye simu ya kiongozi wa darasa, nimeridhika sana. Makamu naye yuko ofisini anajumlisha, machozi yanamlengalenga kwa furaha.

Sasa, kulikuwa na hili suala la mafunzo kwa vitendo. Chuo kilikuwa kimepewa na wafadhili sanamu moja ya mama mjamzito, ya plastiki, nzuri kabisa, ina tumbo, ina mtoto ndani, ina kondo la nyuma, unaweza kuingiza mkono na kujifunza kila kitu. Mnajua waliiweka wapi? Kwenye ofisi ya mkuu wa chuo, imefunikwa nailoni. Isije ikachafuka. Wakija wageni inafunuliwa, wanafunzi wanavalishwa glavu, wanaizunguka, wanapigwa picha, halafu inafunikwa. Si tunazijua nyumba zenye vyombo vya kabatini, watoto wanakulia kwenye sahani za plastiki zilizopasuka? Ni hivyohivyo. Hospitalini walipelekwa, sikatai, ila kundi zima kitanda kimoja, na waliokaa nyuma walichokiona ni migongo ya waliokaa mbele.

Palikuwa na binti mmoja wa mwaka wa mwisho. Huyu sijui walimlea vipi kwao, maana yeye aliyasoma maswali. Akayajibu kama alivyoulizwa. Bweni, siyo mbaya. Chakula, afadhali. Alipofika kwenye mafunzo kwa vitendo akabonyeza "sijaridhika kabisa", na kwenye nafasi ya maoni akaandika kwamba anakaribia kuhitimu na hajawahi kuigusa ile sanamu isipokuwa siku ya picha.

Makamu alipoyasoma aliumia. Aliumia kweli, kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. Na wakaguzi walikuwa wanakuja kuamua kama chuo kiendelee na usajili au kifungwe. Akamwita fundi wa kompyuta, akamuuliza, "Huyu ni nani?" Fundi akamwonyesha. Ile siri ya herufi nene iliishia hapo.

Binti akaitwa. Akaingia, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa, binti yangu. Kunywa soda." Makamu hakuwa mkali, naomba mlielewe hilo. "Kuna mtu amekukosea hapa chuoni?"

"Hapana, mwalimu."

"Sasa mbona umetuandikia hivi?"

"Niliulizwa, mwalimu."

Makamu akavua miwani, akaifuta. "Unajua chuo hiki kimetoka wapi?"

"Najua, mwalimu. Lakini mimi nitapangiwa zahanati, pengine nitakuwa peke yangu. Akija mama amejifungua na kondo limebaki, damu inatoka, nitafanya nini? Nimeyasoma tu. Mkono wangu haujui."

"Utajifunzia kazini. Sisi sote tulijifunzia kazini."

"Kwenye mwili wa nani, mwalimu?"

Wapendwa, swali lile lilitosha. Mtu mwenye masikio angeinuka palepale, akaenda kuichana ile nailoni. Makamu alilisikia, likamchoma, akachagua kukasirika. Akamwambia majibu yake yana kasoro, mfumo umeyakataa, na matokeo yake hayatafunguka mpaka ajaze upya. Uongo mtupu. Binti yule wazazi wake walikuwa wameuza shamba ili afike pale. Alimtazama Makamu, akaitazama kompyuta, akabonyeza "nimeridhika sana" mbele yake, moja baada ya nyingine, na soda hakuigusa. Makamu akamwambia, "Umefanya la maana, mwanangu." Wakaguzi walikuja, wakaona hesabu zile nzuri, wakapeana mikono, chuo kikabaki.

Binti akahitimu. Akapangiwa zahanati huko ndani, na kweli akawa peke yake.

Sasa Makamu alikuwa na mtoto wa kike, kifungua mimba wake, kipenzi chake. Ameolewa, ana mimba ya kwanza, na mpango ulikuwa ajifungulie hospitali kubwa mjini. Akaenda kumsalimia mama mkwe wake, asubuhi uchungu ukamshika kabla ya wakati. Zahanati ya karibu ni ipi? Mnajibu wenyewe mioyoni, naona.

Makamu alipigiwa simu, akaendesha gari kama kichaa. Alifika mtoto ameshazaliwa, analia vizuri tu kwenye mikono ya bibi yake. Akashusha pumzi. Kisha mlango ukafunguliwa, akatoka mkunga, glavu zimelowa damu mpaka juu. Wakatazamana, wakajuana.

"Mwalimu, kondo limebaki. Sindano nimemchoma, damu haikatiki. Gari la wagonjwa nimeliita, liko mbali."

"Litoe kwa mkono. Si mlifundishwa?"

"Nimejaribu, mwalimu. Sijui ninachokishika."

Akarudi ndani. Alihangaika binti wa watu, alihangaika huku anamwomba Mungu kwa sauti, Makamu anamsikia kupitia dirisha. Alimsikia na mwanawe pia, mwanzoni. Baadaye akawa anamsikia mkunga peke yake.

Gari la wagonjwa lilifika likachukua maiti.

Najua mnachokingoja. Mnangoja niwaambie Makamu alipiga magoti, akaenda chuoni, akafungua ile ofisi, akalia. Mimi mwenyewe nilitamani mfano wangu uishie hapo. Haukuishia.

Kifo cha uzazi hakiachwi hivihivi, kamati ikaundwa. Wakakaa watu wazima watatu mezani. Binti yuko upande huu, Makamu yuko upande ule, ameitwa kama kiongozi wa chuo, na ni mfiwa. Mwenyekiti akampa pole, halafu akamuuliza, "Mzee wetu, tunataka kujua jambo moja tu. Huyu mkunga, chuoni kwenu aliandaliwa vya kutosha?"

Hebu kaeni kwenye kiti cha Makamu kidogo. Akisema hakuandaliwa, anayaangusha maisha yake yote, na anakiri mbele za watu ni nani aliyemzuia asiandaliwe. Akisema aliandaliwa, binti anabeba damu peke yake. Mwanawe yuko kaburini, neno lolote halimrudishi. Angalau chuo kibaki, ndivyo alivyojiambia. Shetani hana haja ya maneno mengi kwa mtu aliyechoka.

Akasema, "Mwaka wao waliridhika na mafunzo kwa vitendo kwa asilimia tisini na saba. Huyu mwenyewe alijaza kwamba ameridhika sana."

Mwenyekiti akamgeukia binti. "Ni kweli ulijaza hivyo?"

Binti akamtazama Makamu kwa muda mrefu. Hakuwa hata na hasira, alikuwa anangoja. Makamu akainamisha macho.

"Ni kweli," akasema binti. "Nilijaza."

Wakamfutia leseni. Alirudi kwao, kwenye kile kijiji ambako shamba liliuzwa kwa ajili yake, na jina la muuaji likatangulia kufika.

Jioni Makamu akaingia nyumbani. Mke wake amekaa chini kwenye mkeka, amempakata yule mjukuu. Akauliza, "Wamesemaje?"

"Wamesema ni uzembe wa mkunga."

Mama akamwinamia mtoto, akalia, akasema, "Mungu amlipe sawasawa na alichotufanyia. Asijaliwe kushika mtoto wake mwenyewe mpaka anakufa."

Na Makamu, mtu wa kanisa, akasema, "Amina."

Sasa tuje kwetu, maana kumhukumu mtu wa kutungwa hakuna kazi.

Sisi tunauliza sana. Tunamuuliza mtoto, "Shule ikoje?" macho yako kwenye televisheni, akisema nzuri tunashukuru, maana ingekuwa mbaya ingetubidi tuinuke. Tunamuuliza mke, "Kuna tatizo?" kwa ile sauti ambayo yeye anaijua, na yeye anajibu hakuna. Tunawakusanya vijana hapa kanisani, tunawaambia semeni lolote mko huru, na yule mmoja aliyesema tukamwita pembeni. Ninyi wazee wa kanisa mlikuwepo, msiangalie chini. Tukamwambia una roho ya uasi, jirekebishe. Akajirekebisha. Siku hizi akiulizwa anasema tuko vizuri, nasi tunaandika kwenye taarifa kwamba idara ya vijana iko vizuri. Mara ya mwisho kumwona hapa ni lini?

Tunafunga kitu anachokihitaji mtu, tunamwambia sema umeridhika ndipo nikufungulie. Akisema, tunafurahi. Na siku mambo yakiharibika tunayachukua maneno yale tuliyomlazimisha, tunamfunga nayo shingoni. Alisema mwenyewe kwamba yuko sawa. Kwa nini hakusema? Ndugu zangu, alisema. Alisema mara moja, wakati bado kuna nafasi ya kuokoa mtu, na sisi tukaona anatuvunjia heshima.

Simwogopi mtu anayelalamika katika kanisa hili. Namwogopa aliyewahi kulalamika kisha akaacha, na namwogopa zaidi mtu mwema aliyemnyamazisha, akaenda kulala usingizi mzuri.

Mmezoea nikifika hapa mimi natamka neno la mwisho, nanyi mnaitikia. Leo naomba msiitikie. Mkitoka hapo nje, yuko mtu ambaye kila mmoja wetu anajua alimkatiza alipoanza kusema. Mwendeeni, mumwambie amalizie, na akimaliza msijitetee.