Jiwe Zima la Asholmu

Hapo zamani, huko Uingereza, wakati wakulima walipokuwa kama mali ya mabwana, kijiji cha Asholmu kilitawaliwa na bwana mmoja aitwaye Reinari. Bwana huyu alikataza watu kusaga nafaka nyumbani. Kila mtu asage kwenye kinu cha bwana, na nusu ya unga ibaki hukohuko. Watoto wakashinda na njaa. Waliosaga kwa siri walinyang'anywa mawe yao ya kusagia, na Reinari akayatandaza sakafuni ukumbini, awe anayakanyaga akienda kula.

Hamo, mwezekaji wa mapaa, akapanda juu ya banda la nguruwe. "Jamani! Tunaokanyagwa ni sisi, si mawe! Nifuateni!" Banda likavunjika, akatumbukia kwenye matope ya nguruwe. Watu wakacheka mpaka hofu ikawatoka. Wakashika miundu na majembe, wakamfuata.

Langoni kwa Reinari walisimama walinzi sita wenye mikuki. Sabina, mama mpika pombe, akatangulia na pipa lake. "Wanangu, jua lote hili, hamna kiu?" Wakanywa, wakalegea. Mmoja akaukumbatia mkuki wake akiuita "mke wangu".

Ndani, Reinari alikimbilia baragumu ili awaite askari. Mpishi wake, Osbati, akamdaka mkono. "Bwana, watakuua! Ingia humu!" Akamsukumia ndani ya kasha la unga, akafunika, akakalia kifuniko.

Watu wakaingia ukumbini, mawe yakang'olewa. Lahaula! Yote yalipasuka, likapona moja tu, wala hakuna aliyejua lilikuwa la nani. Ugomvi ukaanza.

"Langu," alisema Hamo. "Nisingeinuka, nani angeinuka? Tukikamatwa, kichwa cha kwanza kukatwa ni hiki."

"Kichwa hicho?" Sabina akacheka. "Walinzi walipoinua mikuki, si kilikuwa nyuma ya gauni langu? Jiwe ni langu."

"Na shayiri ya pombe yako je?" majirani wakadakia. "Si tulijinyima mkate tukakuchangia?"

Osbati, bado juu ya kasha, akajipangusa unga. "Baragumu lingelia, nyote mngekuwa mnaning'inia mtini."

"Wewe uliyekula mkate wake mweupe miaka ishirini!" Hamo akafoka.

"Niliula, tena kwa siagi. Lakini ninyi mnarudi kwenu. Mimi narudi kumpikia nani?"

Hapo wote wakalitazama jiwe.

Haya, ninyi mnaocheka, semeni basi: nani aende nalo nyumbani?